Tozo ya Citizens niliyoilipa Louisiana: je, bado naweza kurudishiwa?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Kenner, Louisiana, tangu 2009, na nyumba yetu tuliinunua 2011. Juzi nilikuwa napanga makaratasi ya zamani nikaona kwenye kila karatasi ya bima ya nyumba kuna mstari wa hela zinazokwenda Citizens: dola 71 mwaka 2012, dola 68 mwaka 2015, dola 54 mwaka 2017. Sisi hatujawahi kukatiwa bima na Citizens hata siku moja. Mwenzangu wa kazini anasema yeye alikuwa anarudishiwa hela hizo na jimbo kila mwaka. Sisi hatukuambiwa kitu. Naweza kuzidai sasa? Na kwa nini nilipe deni la kampuni nisiyoijua? Kaka yangu yuko Orlando, naye anauliza kama Florida wana mpango wa namna hiyo.

JIBU: Marahaba, binti yangu.

Nianze na lile unalolisubiri. Hela hizo huwezi kuzidai tena. Sheria iliyokuwa inazirudisha haikugusa tozo zilizolipwa kuanzia Januari 2020, na madai ya mwaka wa mwisho, yaani tozo za 2019, yalikuwa na muda hadi tarehe 31 Desemba 2023. Pole sana. Mwenzako wa kazini hakukudanganya, alikuwa anarudishiwa kweli. Lakini kabla hujayatupa makaratasi hayo subiri kidogo, kuna mambo mawili ya kuangalia ambayo nitakuelekeza mwishoni, kwa sababu inawezekana kabisa kwamba ulirudishiwa na hukujua.

Kuhusu kampuni usiyoijua. Jina lake kamili ni Louisiana Citizens Property Insurance Corporation. Bunge la jimbo liliiunda mwaka 2003, ikaanza kazi Januari 2004, ikarithi mifuko miwili ya zamani: mmoja wa nyumba za pwani, mwingine wa nyumba za kwingineko ambazo makampuni binafsi yalikuwa yanazikwepa. Haina wenye hisa. Kazi yake ni kumpokea yule aliyekataliwa kila mlango: nyumba iko karibu mno na maji, paa limechoka, au kampuni iliyokuwa imemkatia bima imefunga virago. Na kwa kuwa haikutakiwa kuwanyang'anya wateja makampuni binafsi, sheria iliitaka itoze ghali kuliko wao. Mtu haendi Citizens kwa kupenda.

Kampuni ya bima ya kawaida huchanganya nyumba za pwani na za bara, ili upepo ukipiga huku, ada za kule zilipe. Citizens haikuwa na kule. Nyumba zake nyingi zilikaa kwenye njia ya kimbunga kilekile. Tarehe 29 Agosti 2005 Katrina ikapiga upande wa mashariki, na tarehe 24 Septemba Rita ikamalizia upande wa magharibi. Kampuni ilikuwa haijatimiza hata miaka miwili. Akiba ikakauka, bima ambayo yenyewe ilikuwa imejikatia kwa makampuni makubwa ikakauka, na watu bado wako kwenye foleni wakidai fidia za mapaa. Mwaka 2006 ikaingia sokoni kukopa, ikauza hatifungani za takriban dola milioni 978. Dola 71 zako za mwaka 2012 zilikuwa zinalipa mkopo huo. Hata zile 54 za 2017, miaka 12 baada ya upepo wenyewe kupita.

Njia za kuzikusanya zilikuwa mbili, na zote zilikuwa zimeandikwa kwenye sheria tangu mwanzo, kabla ya kimbunga. Ya kwanza ni tozo ya kawaida: makampuni yote yanayouza bima za majengo jimboni yanatoa fedha papo hapo, kila moja kwa kadiri ya biashara yake, kisha yanajirudishia kwa wateja wao. Ya pili ni tozo ya dharura, ambayo ndiyo yako. Hii humlenga mwenye nyumba moja kwa moja. Inahesabiwa kama asilimia ya ada yake ya bima, kampuni yake inaikusanya na kuipeleka, na inaendelea mwaka baada ya mwaka hadi wenye hatifungani wamalizwe. Mtanzania aliyepitia tozo za miamala ya simu za Julai 2021 hahitaji kuelezwa jinsi neno hili linavyoingia mfukoni. Tofauti ya kushika ni moja tu: ada ya bima inalipia hatari ya nyumba yako kwa mwaka unaokuja, tozo inalipia hasara ya mtu mwingine ambayo imeshatokea.

Ni haki? Wenzangu wengi wa kule wanasema hapana, mimi nasema nusu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio kanda la usufi, na huu uligawanywa ili kila mmoja auonje uzito wake. Kampuni yako binafsi iliweza kukutoza ada nafuu kwa sababu ilikuwa na pa kuwasukumia wateja wa hatari. Kama Citizens isingekuwepo, ama nyumba hizo zingekosa bima kabisa na mabenki kukataa kuzikopesha, ama zingelazimishwa kugawiwa kwa makampuni yote, na ada yako ingepanda. Ulikuwa unafaidika na Citizens bila kuijua, kama mtu anayefaidika na dampo lililo mtaa wa pili. Lakini kumwambia hayo mtu wa Shreveport, kaskazini magharibi kabisa mwa jimbo, ambaye Katrina aliiona kwenye televisheni, ni kazi. Huyo naye alitozwa.

Na kelele zilipigwa hasa. Tozo zilianza kuonekana kwenye bili mwaka 2006, wakati watu wa New Orleans wanaishi kwenye matrela na wengine bado wako Houston hawajui kama watarudi. Mtu anaijenga nyumba upya, anaihuishia bima, anaona bili imepanda, na juu yake kuna mstari wa kumlipia deni kampuni ya serikali. Wakati huohuo hazina ya jimbo, ajabu ya mambo, ilikuwa na ziada. Fedha za ujenzi mpya zilimiminika, kila mtu ananunua mbao, majokofu na magari, na kila ununuzi una kodi yake. Desemba 2006 Gavana Kathleen Blanco akaliita Bunge kwenye kikao maalumu, na moja ya yaliyopita ni sheria unayoiulizia. Kwenye vitabu vya sheria vya Louisiana ni kifungu 47:6025.

Sasa hapa ndipo watu wengi hawaelewi, na mwenzako huenda naye hakuelewa. Hela aliyorudishiwa haikutoka Citizens. Tozo yake ilikwenda Citizens yote, senti kwa senti, kwa sababu wale walionunua hatifungani walikuwa wamewekewa tozo hizo kama dhamana yao. Bunge lisingeweza kuamka asubuhi likazifuta. Lingekuwa linavunja ahadi kwa waliokopesha, na jimbo lenye mafuriko haliwezi kumudu kuonekana halilipi madeni. Kwa hiyo walifanya kitu cha pembeni. Mwenye nyumba alipe tozo kama kawaida, halafu ajitokeze kwa watu wa kodi, aonyeshe alicholipa, na hazina ya jimbo imrudishie kama nafuu ya kodi ya mapato. Na ilikuwa nafuu ya aina nzuri, ile inayolipwa taslimu hata kama hudaiwi kodi yoyote. Bibi mstaafu asiye na kipato cha kutozwa kodi alipewa hundi yake sawa na daktari.

Kwa nini nafuu ya kodi, na si kutenga fungu kwenye bajeti na kuwatumia watu hundi? Kwa sababu fungu la bajeti ni matumizi, lazima lipambane na barabara, shule na hospitali. Nafuu ya kodi haionekani kama matumizi. Ni mapato ambayo serikali imeamua kuyaachia. Kwenye daftari la fundi wa bajeti tofauti hiyo ni kubwa. Kwa mwananchi tofauti ni nyingine kabisa: fungu la bajeti lingemfuata nyumbani, nafuu ya kodi anatakiwa aifuate mwenyewe.

Na kuifuata kulikuwa na namna yake. Mimi nilifanya kazi ya bima Dar miaka mingi kabla sijahamia Baton Rouge, na huko nikawa najaza ritani za kodi, wengi wa wateja wangu wakiwa watu wa kwetu na Wakongo. Kila Februari niliwauliza wenye nyumba swali lilelile: iko wapi ile karatasi ya kwanza ya bima yako? Nilimaanisha ule ukurasa wa mbele wenye jina lako, anwani, thamani ya nyumba, ada, na chini kabisa, kwa maandishi madogo, mstari wa Citizens. Idara ya kodi ilitaka nakala ya ukurasa huo iambatanishwe. Hati ya malipo ya benki haikutosha, kwa sababu benki huandika jumla tu.

Hapo ndipo wengi walipoanguka. Mtu mwenye mkopo wa nyumba hailipi bima mwenyewe. Benki inamkata kidogo kidogo kila mwezi pamoja na rejesho, inaziweka pembeni, kisha inailipa kampuni ya bima mara moja kwa mwaka. Bili yenyewe inakwenda benki. Mwenye nyumba anatumiwa kitabu kinene cha masharti kilichofungwa na ule ukurasa wa mbele, anakitazama, anakitia kwenye droo. Tozo ameilipa na hajawahi kuiona ikilipwa. Naamini ndivyo ilivyokuwa kwako. Haukuwa uzembe, ni jinsi mambo yalivyopangwa.

Nikupe mfano wa mteja mmoja. Mama wa makamo, mjane, alikuja kwangu akiwa na kopo la biskuti lililojaa makaratasi. Hakuwa na ritani ya kujaza, kipato chake kilikuwa kidogo, mtoto wake tu ndiye alimwambia aje aulize. Tukayamwaga mezani. Kulikuwa na kurasa za mbele tano, za miaka mitano mfululizo, nyingine zimepata doa la chai. Kwa watu kama yeye, idara ya kodi ilikuwa imeshatoa fomu ya peke yake, R-540INS, ambayo ilikuruhusu kudai tozo bila kujaza ritani nzima ya kodi. Ukurasa mmoja tu: jina, anwani ya nyumba, namba ya bima, kiasi cha tozo, sahihi. Tukajaza tatu. Mbili za mwanzo tukaziacha, kwa sababu sheria ya Louisiana inakupa miaka mitatu ya kudai kodi yako, ikihesabiwa kutoka tarehe 31 Desemba ya mwaka ambao kodi hiyo ilipaswa kulipwa, na hizo mbili muda wake ulikuwa umeshapita. Alizishika mkononi zile mbili kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Hizi nazo si nililipa?" Nikamwambia ndiyo mama, ulilipa. Asiyekuwepo na lake halipo, nikataka kumwambia, nikaona aibu nikanyamaza.

Zile tatu alilipwa.

Mimi mwenyewe, ukitaka kucheka, mwaka mmoja niliisahau ya kwangu.

Sasa tuzirudie hesabu zako, kwa sababu sheria haikubaki vile ilivyoanza. Kwa dola 71 za mwaka 2012 ungerudishiwa zote 71. Mwaka 2015, Gavana Bobby Jindal akiwa anamalizia muda wake na bajeti ina shimo la takriban dola bilioni 1.6, Bunge lilizipunguza nafuu za kodi kadhaa, hii ikiwemo: ikawa asilimia 72. Kwa dola 68 zako za 2015 ungepata dola 48 na senti 96. Mwaka uliofuata akaingia Gavana John Bel Edwards, akalikuta shimo bado liko wazi, akaita kikao maalumu, na nafuu ikashuka hadi asilimia 25. Kwa dola 54 za 2017 ungepata dola 13 na nusu. Halafu ikafutwa. Kwa miaka hiyo mitatu uliyonitajia umekosa dola 133 na senti 46. Ongeza miaka ya katikati utajua mwenyewe.

Ona kilichotokea hapo. Tozo haikupungua kwa sababu nafuu imepungua. Waliokuwa wanadai mkopo waliendelea kulipwa vilevile, na Januari 2020 ilipofika, mwenye nyumba akawa analipa tozo ileile na harudishiwi kitu. Ahadi ya kukutoza ilikuwa imefungwa kwa mkataba na wakopeshaji. Ahadi ya kukurudishia ilikuwa sheria ya kawaida, inayoweza kubadilishwa na Bunge lolote lenye kura za kutosha. Ukisikia tena mwanasiasa wa jimbo lolote anasema "tutawarudishia wenye nyumba tozo zao", swali la kwanza la kumuuliza ni hela zinatoka wapi, na la pili ni kama aliyekutoza amefungwa na mkataba ilhali anayekurudishia amefungwa na maneno yake tu.

Kuna jambo jingine kuhusu sheria ile ambalo lilinikera, na halikuzungumzwa sana. Mwenye nyumba ya kupangisha naye alitozwa, naye alirudishiwa. Lakini tozo hiyo alikuwa ameshaiweka kwenye kodi ya pango. Mpangaji akaichangia, karatasi ya bima haina jina lake, na hundi ikaenda kwa mwenye nyumba. Wenye majengo ya biashara pia walidai, na tozo zao hazikuwa dola 71. Mpangaji huyohuyo kila akinunua sukari na sabuni alikuwa anachangia hazina iliyowalipa. Kwa hiyo ule mzigo uliotolewa mabegani mwa wenye nyumba haukuyeyuka. Ulihamishiwa kwa walipa kodi wote, ukiwemo wewe mwaka 2010 ulipokuwa bado umepanga.

Nisisahau: kuna watu wanachanganya nafuu hii na hela nyingine iliyowahi kutoka Citizens. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Louisiana iliithibitisha hukumu ya takriban dola milioni 92.8 dhidi ya Citizens, kwa wateja wake 18,573 ambao baada ya Katrina na Rita kampuni ilichelewa kuanza kushughulikia madai yao ndani ya siku 30 zilizowekwa na sheria. Kila mmoja dola 5,000. Hiyo ilikuwa adhabu ya uzembe, ililipwa kwa wateja wa Citizens wenyewe, haihusiani na tozo. Mtu akikuambia "mimi Citizens walinipa dola elfu tano", usidhani kuna fomu uliyoikosa.

Kuhusu kaka yako wa Orlando. Florida nao wana Citizens yao, iliyoundwa 2002, haina udugu na ya Louisiana zaidi ya jina. Mwaka 2004 walipigwa na vimbunga vinne ndani ya majuma machache, Charley, Frances, Ivan na Jeanne, na 2005 wakamaliziwa na Wilma. Nakisi ya 2005 peke yake ilikuwa zaidi ya dola bilioni 1.7. Hapo ndipo Florida ilifanya kitu ambacho mimi, kama ningeulizwa, ningekipendelea kuliko cha Louisiana: mwaka 2006 Bunge lao lilichukua dola milioni 715 za hazina na kuziingiza moja kwa moja kwenye lile shimo, kabla tozo haijapangwa. Kilichobaki ndicho kilichogawanywa kwa wenye bima, asilimia 1.4 kwa mwaka kuanzia 2007, baadaye ikashuka hadi asilimia 1, ikasimamishwa katikati ya 2015, kabla ya muda uliokuwa umepangwa. Hakuna fomu, hakuna nakala ya ukurasa wa mbele, hakuna miaka mitatu. Yule mama mwenye kopo la biskuti angepata nafuu yake bila kujua jina la gavana. Ubaya wake ni kwamba hakuna anayeiona hela ambayo hakutozwa, na mbunge hawezi kupigia kampeni hundi ambayo haikutumwa. Nadhani hilo lilichangia sana Louisiana ikachagua njia ile nyingine, ingawa hakuna atakayekiri.

Kwa hiyo kaka yako asitafute fomu ya kurudishiwa tozo za Citizens za miaka ile, haipo. Anachoweza kukiona kwenye bili zake za miaka ya karibuni ni tozo za mfuko mwingine, FIGA, unaolipa madai ya makampuni yaliyofilisika. Baada ya makampuni kadhaa ya Florida kuanguka mwaka 2021 na 2022, mfuko huo uliweka tozo za asilimia 0.7, kisha 1.3, kisha 1. Zote zinamwendea mwenye bima moja kwa moja.

Linganisha na huko kwako, ndipo utaona kwamba habari hii haijaisha, imegeuka sura. Baada ya kimbunga Laura mwaka 2020 na kimbunga Ida kilichopiga tarehe 29 Agosti 2021, tarehe ileile ya Katrina, makampuni yapatayo 12 yaliyokuwa yanauza bima Louisiana yalifilisika. Mfuko wa Louisiana wa kulipa madai ya waliofilisika unaitwa LIGA. Wenyewe unayatoza makampuni yaliyobaki hai, na makampuni hayo yanaruhusiwa kujikata tozo hiyo polepole, kwa miaka, kwenye kodi ambayo yangeilipa serikali kwa ada za bima wanazouza. Kwa maneno mengine nafuu ya kodi ipo hadi leo, ila safari hii anayerudishiwa ni kampuni. Wewe huoni mstari wowote kwenye bili, na hazina inakosa mapato. Ni mfuko wako uleule, umepitiwa mlango wa nyuma. Wako watakaosema ni bora hivyo kwa sababu bili haipandi. Labda. Bili imepanda kwa sababu nyingine: Citizens ya Louisiana, iliyokuwa na wateja kama 35,000 kabla ya vimbunga hivyo, ilifika zaidi ya 120,000 mwaka 2022, na Januari 2023 ikapandisha ada za nyumba kwa wastani wa asilimia 63.

Kama una jamaa California, huko nako mambo yameanza. Baada ya moto wa Januari 2025 Los Angeles, mfuko wao wa kimbilio la mwisho, FAIR Plan, uliishiwa, na mwezi uliofuata Kamishna wa Bima Ricardo Lara aliuruhusu kuyatoza makampuni dola bilioni 1. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tetemeko la Northridge la 1994. Makampuni yakaruhusiwa kuomba kurejesha nusu kutoka kwa wateja wao. Chama cha kutetea walaji, Consumer Watchdog, kikaenda mahakamani Aprili 2025 kupinga. Mtu wa San Diego ambaye hakunusa hata moshi anaona mstari kwenye bili, anauliza swali lilelile uliloniuliza wewe.

Sasa yale mambo mawili niliyokuahidi.

La kwanza: zitafute ritani zenu za Louisiana za kuanzia 2012 hadi 2019, fomu IT-540. Kama ritani alikujazia mtu anayeijua kazi, na mlimpa makaratasi yote ya nyumba, yawezekana aliidai tozo bila kukutajia. Kuna mstari wake kabisa, umetajwa Citizens. Ukikuta pale pameandikwa 71, basi zilikuja pamoja na marejesho yenu mengine ya kodi mwaka ule, mkazila, mkasahau. Ukikuta sifuri, ndiyo hivyo tena. Nakala kama huna, muombe aliyekujazia au idara ya kodi yenyewe.

La pili, kwa ajili yako na kwa yeyote utakayemsimulia: kama mtu alidai na hundi ikatumwa anwani ya zamani, au ikachanwa na barua za matangazo, hela hiyo haipotei. Hundi za marejesho ya kodi zisizochukuliwa huishia kwenye ofisi ya Mweka Hazina wa jimbo, kitengo cha mali zisizodaiwa, na huko haina ile miaka mitatu; inakusubiri. Kutafuta ni bure mtandaoni. Akitokea mtu anakupigia simu akitaka asilimia fulani akutafutie, mshukuru ukate simu, atafanya kilekile ambacho ungefanya mwenyewe kwa dakika tano.

Ukitafuta, anza na jina la mumeo kama ndilo lililotangulia kwenye ritani, kisha lako, kisha lako la kabla hamjaoana. Halafu jaribu jina la ukoo likiwa mbele na la kwanza nyuma. Ondoa herufi moja, ongeza nyingine. Mteja wangu mmoja tulimkuta kwa mara ya nne, "Mw" ya jina lake ikiwa imeandikwa "Nw".